Benchi la useremala lenye kabati: kulijenga nyumbani tangu mbao mbichi hadi jiriwa

Benchi langu la kwanza nililipigilia misumari kwa siku moja, mbao zikiwa zimetoka kushushwa kwenye lori. Baada ya miezi mitatu juu yake palikuwa na nyufa za kuingiza penseli, na kila niliposukuma randa benchi lilinifuata hadi ukutani. Nilipohama nyumba halikupita kwenye kona ya korido, ikabidi nilikate kwa msumeno. Hili ninaloeleza hapa nililijenga baada ya hapo. Nimeshahama nalo mara mbili, kila mara kwa kufungua bolti nane na kulipakia kwenye pikapu.

Benchi la seremala linahitaji uzito na uthabiti kuliko uzuri. Kabati la chini linasaidia yote mawili: vifaa ukivipanga humo vinalipa benchi uzito, na ubao wa mgongo wa kabati unazuia miguu isiyumbe. Ndiyo sababu sishauri ujenge benchi kwanza kisha kabati uliongeze siku za mbele. Vijenge pamoja.

Vipimo

Kimo kinatoka mwilini mwako. Simama wima, mikono iachie chini, kisha kunja kiganja kama unayekilaza juu ya meza. Pima kutoka sakafuni hadi kiganjani. Kwangu ilikuwa sentimita 86, na vipimo vyote hapa chini vinafuata kimo hicho. Anayepiga randa ya mkono sana anaweza kushusha sentimita 3 au 4, na anayefanya zaidi kazi za kuunganisha na kuchora anaweza kupandisha kidogo.

Juu ya benchi ni sentimita 183 kwa 60, yaani futi 6 kwa 2. Sikuchagua ukubwa huu kwa kupenda tu: unatoka kwenye plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 bila kupoteza karibu chochote, kama utakavyoona. Fremu ya chini ni fupi zaidi, sentimita 153 kwa urefu na 54 kwa kina.

Mbao

Hapa ndipo benchi linapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbao laini nyingi zinazouzwa Dar es Salaam ni paina kutoka nyanda za juu kusini, Mafinga, Makambako na Njombe, na sehemu kubwa ya paina hiyo hupandwa katika msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi. Paina inafaa kabisa kwa fremu ya benchi. Huna haja ya mninga wala mvule. Mbao hizo ziache kwa samani za sebuleni, labda kipande chembamba tu cha ukingo. Nunua mbao 5 za inchi 2 kwa 4 zenye urefu wa futi 12. Zinazohitajika ni 4, ila katika tano moja itakuwa imejipinda au ina fundo baya palepale unapotaka kukata.

Kabla ya kulipa fanya mambo matatu. Pima urefu, maana zipo mbao za futi 12 ambazo ni futi 11 na nusu. Weka jicho kwenye ncha moja utazame hadi ncha ya pili: mbao iliyopinda kama upinde unaweza kuivumilia, lakini iliyojisokota kama kamba iache hapohapo. Halafu tafuta matundu madogo yenye unga mweupe. Huyo ni bungua, na ukimpeleka nyumbani hataishia kwenye benchi.

Usichukue mbao zilizowekwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromi na arseniki. Kwa paa ni sawa. Kwa benchi utakalolikata, kulipiga msasa na kulivuta vumbi lake kila siku, si sawa. Na vipande vya mbao za namna hiyo visiingie jikoni kuwa kuni, hata kidogo.

Sasa kukausha. Mbao mbichi inapokauka husinyaa kwa upana na unene, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabu. Ubao wa inchi 8 unaweza kupungua milimita 5 na zaidi, na hizo ndizo zile nyufa zangu za penseli. Zipange mbao kivulini, mahali panapopita upepo, ukiweka vijiti vya inchi moja kati ya safu na safu kila baada ya nusu mita. Vijiti vikae mstari mmoja kwenda juu. Ncha za mbao zipake rangi yoyote iliyobaki, ili zisikauke haraka kuliko katikati na kupasuka.

Utajuaje zimekauka? Chagua mbao moja, ipime kwenye mizani kila Jumapili na uandike uzito kwa penseli kwenye mbao yenyewe. Wiki za mwanzo utaona kilo zinashuka. Ukipata uzito uleule wiki tatu mfululizo, mbao imekubaliana na hewa ya mahali ulipo na haitakusumbua tena. Pwani haitakauka kama ya Dodoma, na haina haja: inatakiwa ilingane na hewa ya chumba itakamoishi.

Zikikauka, zipeleke kwenye mashine ya kuranda. Mbao ya 2 kwa 4 ikitoka hapo huwa kama milimita 45 kwa 95. Yako ikiwa 42 kwa 92, badilisha hesabu zangu. Usiiamini namba niliyoandika mimi kuliko mbao uliyoshika.

Vitu vingine vya kununua

Plaiwudi 2 za milimita 18, moja ya milimita 6, na nusu plaiwudi ya milimita 12 kwa ajili ya droo. Bolti 8 za milimita 10 zenye urefu wa inchi 8, na nati zake, kila moja na washa mbili. Skrubu za milimita 30, 65 na 75. Gundi nyeupe ya mbao, si ile ya karatasi. Bawaba, komeo, na jiriwa ya kubania mbao kwenye benchi, au vaisi kama wanavyoiita mafundi wengi. Gerezani, Kariakoo, vyote hivi utavipata ndani ya hatua chache, na jiriwa za mitumba za chuma kizito huko mara nyingi ni bora kuliko mpya nyepesi. Izungushe kabla ya kununua: skrubu yake kubwa isiwe na mchezo mwingi, na mataya yakifungwa yagusane juu kabla ya chini.

Kukata

Kutoka kwenye mbao za 2 kwa 4 kata hivi:

- vipande 4 vya sm 82.4, miguu ya nje
- vipande 4 vya sm 53.4, miguu ya ndani
- vipande 4 vya sm 10, nyayo za miguu ya ndani
- vipande 4 vya sm 54, mikingamo mifupi
- vipande 4 vya sm 135, mikingamo mirefu

Mikingamo ni zile mbao za kulala zinazounganisha miguu. Mbao ya kwanza na ya pili, kila moja itoe mikingamo mirefu miwili na mguu mmoja wa nje. Ya tatu itoe miguu miwili ya nje, vipande vitatu vya 53.4 na nyayo tatu. Ya nne itoe mikingamo mifupi minne na vilivyobaki. Kila msumeno unapopita unakula milimita 2 au 3, kwa hiyo pima kipande, kata, ndipo upime kingine. Ukichora vyote mara moja, cha mwisho kitakuwa kifupi.

Plaiwudi ya kwanza ya milimita 18 ipasuliwe katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya karibu sm 61. Kila kimoja kikatwe kwenye sm 183. Hapo una tabaka mbili za juu ya benchi, na vimebaki vipande viwili vya karibu sm 60 kwa 60. Hivyo ndivyo vigawanyo vya kabati. Ya pili itoe sakafu ya kabati sm 135 kwa 52 na mbavu mbili, yaani kuta za pembeni za kabati, za sm 51.6 kwa 52, na kinachobaki kitatosha milango na nyuso za droo. Wauzaji wengi wa plaiwudi wana meza ya msumeno, mwachie mkataji wao mikato hii mirefu, maana kwa msumeno wa mkono ni vigumu kuinyoosha.

Miguu bila patasi

Kiungo bora cha miguu ni ulimi na tundu lake, lakini ulimi mzuri unataka patasi kali, mkono uliozoea, na benchi la kufanyia kazi. Mtu anayejenga benchi la kwanza hana hilo la mwisho. Ipo njia nyingine inayobeba uzito vilevile.

Kila mguu ni mbao mbili zilizobandikwa bapa kwa bapa. Ya nje ni nzima. Ya ndani ni vipande viwili, unyayo wa sm 10 chini na kile cha 53.4 katikati, na kati yao kuna pengo. Juu ya kile cha katikati kuna pengo jingine. Mikingamo mifupi inaingia kwenye mapengo hayo. Kwa hiyo mkingamo wa chini umekaa juu ya unyayo, wa juu umekaa juu ya kipande cha katikati, na uzito unashuka mbao juu ya mbao hadi sakafuni. Skrubu zinazuia tu visiachane.

Laza mguu wa nje chini. Paka gundi, bandika unyayo ukiwa sawasawa na ncha ya chini. Sasa chukua mkingamo wenyewe, usimamishe kwa ubavu juu ya unyayo, na usukume kipande cha katikati hadi kiuguse. Usitumie tepu hapa. Mbao yenyewe ndiyo kipimo. Ikiingia kwa kugongwa kidogo na ngumi, umepata. Ondoa mkingamo, kaza kipande kwa skrubu za milimita 75, futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji. Gundi ikikaukia kwenye pengo, mkingamo hautaingia.

Miguu minne ikikauka, laza miwili sambamba, weka mikingamo mifupi miwili kwa gundi na skrubu, na kabla gundi haijashika pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, ibane ile kona ndefu kidogokidogo hadi vilingane. Skrubu ziweke nusu ya mguu inayoelekea katikati ya fremu. Nusu ya pili ni njia ya bolti, na biti ya drili ikikutana na skrubu humo ndani utapoteza vyote viwili.

Fanya fremu ya pili juu ya ile ya kwanza, ukiifuatisha, ili zifanane hata kama zote zina kosa dogo.

Mikingamo mirefu na bolti

Mikingamo mirefu inasimama kwa ubavu kati ya fremu mbili, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye kimo kilekile cha mikingamo mifupi. Ya mbele iwe sawasawa na uso wa miguu ya mbele.

Toboa mguu kwa biti ya milimita 11, katikati ya unene wa mkingamo, yaani kama milimita 22 kutoka ukingo wa mguu. Shikilia mkingamo mahali pake, pitisha biti kwenye tundu hilo iache alama kwenye ncha yake. Kisha toboa ncha hiyo kwa urefu wa sm 12. Nenda polepole, utoe biti mara kwa mara imwage unga, na mwenzako asimame ubavuni akutazamie kama drili imelala sawa.

Upande wa ndani wa mkingamo, sm 9 kutoka ncha, chimba shimo la kipenyo cha milimita 30 hadi ukutane na njia ya bolti. Kwenye ukuta wa shimo ulio karibu na ncha chonga sehemu bapa kwa patasi ili washa ikae vizuri. Ingiza bolti kutoka nje, tia washa na nati ndani ya shimo, kaza. Utaisikia mbao ikilia kidogo, kisha kimya. Sukuma fremu kwa nyonga: kama bado inacheza, ncha ya mkingamo haikukatwa kwa pembe mraba. Ifungue uisawazishe kwa randa. Usijaribu kuimaliza kwa kukaza nguvu.

Chini ya kila mguu gongomea kipande cha tairi kuukuu. Kinashika sakafu benchi lisiteleze, na kinainua mbao isinyonye unyevu wa saruji, ambao mchwa anaupenda.

Kabati, kabla ya kuweka juu

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuweka juu ya benchi kwanza, kisha kupiga magoti siku mbili akijenga kabati humo chini. Lijenge kutokea juu, fremu ikiwa wazi.

Kabla ya sakafu, kata kipande cha 2 kwa 4 cha sm 45, kiweke katikati ya mikingamo mirefu ya chini ili plaiwudi isilegee. Shusha sakafu, ukiirudisha nyuma milimita 20 kutoka uso wa mbele. Hizo milimita 20 ni nafasi ya milango. Mbele ya benchi pasitokeze chochote, si mlango wala kishikio wala bawaba, kwa sababu siku moja utataka kufunga ubao mrefu usimame kwa ubavu dhidi ya miguu yote miwili, na kishikio kimoja kitakuzuia. Badala ya vishikio chonga vidirisha vya vidole kwenye ukingo wa juu wa mlango.

Mbavu mbili zikazwe kwenye fremu za miguu. Vigawanyo viwili, navyo vikatwe sm 51.6 kwa 52, vigawe nafasi sehemu tatu za karibu sm 43. Kushoto droo, katikati na kulia milango.

Mgongo ni plaiwudi ya milimita 6, sm 153 kwa 72.4. Ukaze kwa skrubu kila baada ya sm 15 kwenye miguu na mikingamo yote ya nyuma, baada ya kupima mishazari tena. Jaribu kutikisa benchi kabla na baada ya kuuweka. Tofauti utaisikia mikononi. Plaiwudi iyo hiyo inatoa kifuniko cha juu ya kabati, sm 135 kwa 45, kinachoingia kati ya mikingamo ya juu na kulala juu ya vigawanyo. Bila hicho kila unga wa randa utaishia kwenye droo zako.

Juu

Tabaka mbili zibandikwe pamoja. Mwaga gundi, isambaze kwa kipande cha plaiwudi chenye meno uliyoyakata kwa msumeno, geuza tabaka ya pili juu yake, na kaza kwa skrubu za milimita 30 kutokea upande utakaokuwa chini. Uso wa juu usiwe na chuma chochote; randa ikigonga skrubu mara moja tu, wembe wake unarudi kwenye jiwe. Weka ndoo za maji juu yake hadi kesho.

Ukingo wa mbele bandika ubao mwembamba wa mninga au mkongo, maana ukingo wa plaiwudi huchanika.

Unapoiweka juu ya fremu, ukingo wa mbele uwe sawasawa na uso wa miguu. Kushoto itokeze sm 25, kulia sm 5, na inayobaki itokeze nyuma. Ishike kwa vipande vya mbao vya milimita 45 vilivyokazwa ndani ya mikingamo ya juu, na skrubu za 65 zipande kutoka chini. Hapo usitie gundi. Juu ya benchi huchakaa, na utataka kuibadilisha bila kuvunja chochote.

Milango na droo

Milango usiikate mapema. Kabati likishasimama, pima kila nafasi juu, katikati na chini, uchukue kipimo kidogo, kisha punguza milimita 4. Mlango wa kulia bawaba zake zishike kwenye mguu. Wa katikati utashika kwenye kigawanyo, na skrubu ndani ya ukingo wa plaiwudi haidumu, hivyo bandika kwanza kijiti cha mbao nzito nyuma ya ukingo huo.

Droo zangu zinapita juu ya vijiti vya mbao ngumu vya milimita 20. Reli za chuma zinateleza vizuri zaidi zikiwa mpya, lakini pwani chumvi inazila, na zikijaa vumbi la mbao hukwama. Kila droo iwe nyembamba kuliko nafasi yake kwa milimita 3. Ukiijenga wakati wa kiangazi na kuibana sana, masika itakapofika mwezi wa tatu haitafunguka. Sugua vijiti na mshumaa mkavu hadi ving'ae. Droo ya juu iwe ya sm 10, ya penseli, skwea na patasi, ya pili sm 15, na ya chini iwe ndefu kuliko zote, ya vitu vizito kama drili na masanduku ya skrubu.

Jiriwa

Zile sm 25 za kushoto ndizo nafasi yake, kwa anayetumia mkono wa kulia. Hapo hakuna mguu wala mkingamo wa kukata. Chini ya plaiwudi ongeza kipande cha 2 kwa 4 kwa gundi na skrubu, kisha funga jiriwa kwa bolti zinazopita hadi juu, vichwa vyake vikizamishwa na kufunikwa kwa vizibo vya mbao. Taya za chuma zikae milimita 10 chini ya uso wa benchi, na kila taya ivae ubao laini unaofika hadi juu. Taya ya nyuma iwe sawasawa na ukingo wa mbele wa benchi, ndipo ubao mrefu utakapolala kwenye jiriwa na miguu kwa pamoja.

Mafuta

Usipake vanishi juu ya benchi. Inateleza, na kazi yako itakukimbia. Mafuta ya linsidi tabaka mbili yanatosha: paka, subiri dakika 20, futa yaliyobaki, acha siku moja, rudia. Vitambaa ulivyofutia usivikunje wala kuvirundika kwenye kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichorundikwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Baada ya mwezi mmoja wa kazi chukua spana, pitia bolti zote nane. Mbao itakuwa imejikaa, na kila nati itakupa robo ya mzunguko. Zipitie tena mvua zikiisha.